Mchicha wa Wote

Bustani ya pamoja haianzi na jembe. Inaanza na viti vya plastiki vya kuazima, kaunta buku jipya, na mtu mmoja mwenye sauti anayesimama na kusema, "Jamani, kabla hatujaendelea, tuchague viongozi." Hapa kwetu Bweri, mjini Musoma, tulichagua mwenyekiti, makamu wake, katibu, katibu msaidizi, mhazina, kamati ya nidhamu na mlezi. Tulipomaliza, wanachama wasio na cheo walikuwa wachache kiasi kwamba viongozi walijipigia makofi wenyewe. Jembe lilitajwa kwenye "mengineyo". Hapo ndipo ikajulikana kuwa tunayo matatu, na moja halina mpini.

Haraka ya kuwa na viongozi ina sababu yake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo yenyewe haina riba. Tangu jambo hilo liingizwe kwenye sheria mwaka 2018, mtaa usio na kikundi ni sawa na mtaa usio na saluni. Na kikundi hakisajiliwi bila katiba. Yetu katibu aliipata kwa jamaa zake wafuga kuku, akabadilisha jina la juu, akachapisha. Mpaka leo kifungu cha tisa kinasema mwanachama atakayeonesha dalili za mdondo atatengwa na wenzake mara moja. Kilipitishwa kwa kauli moja. Jina la kikundi silitaji, maana mjadala wake haujafungwa: wapo wanaotaka liwe na "Upendo" na wapo wanaotaka liwe na "Jitegemee", na kambi hizo mbili hazisalimiani.

Ukitazama historia, sisi watu wa Mara ndio tungepaswa kuwafundisha wengine kulima pamoja. Butiama iko hapo tu. Mwalimu Nyerere alizaliwa kule mwaka 1922, akaja kuanza darasa la kwanza hapa Musoma, shule ya Mwisenge, mwaka 1934, na alipoacha urais mwaka 1985 alirudi kijijini kwake kulima. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatwa mwezi uliofuata na Elimu ya Kujitegemea: kila shule iwe na shamba, mtoto ajue kuwa kalamu na jembe ni ndugu. Wazo zuri sana. Lakini wazo hilo lilipofika kwa mwalimu wa zamu lilikutana na wanafunzi waliochelewa namba. Ukichelewa, matuta mawili. Ukipiga kelele darasani, matuta matatu. Ukikutwa na embe la mwalimu mkuu, palizi ya robo eka. Watu wakahitimu wakiijua hesabu ya mafungu, na wakijua pia kuwa jembe hukabidhiwa mtu aliyetenda kosa.

Ndiyo maana mwenyekiti wetu alipotangaza, "Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na jembe lake!" mzee mmoja mstaafu aliinua mkono taratibu akauliza, "Samahani, mwenyekiti. Tumekosa nini?"

Na shamba la kijiji, lile la ujamaa, wazee hawalizungumzii bila kucheka kidogo. Alfajiri, nguvu zikiwa mpya, mtu aliparura shamba lake nyuma ya nyumba. La kijiji lilipata jua la saa tano na mgongo uliokwisha kuchoka. Wasomi wameandika vitabu vinene kueleza kwa nini mashamba ya pamoja yalitoa kidogo kuliko ya kaya. Mama yeyote anayeuza dagaa pale stendi ya Bweri angewaeleza bure, tena huku anawafungia.

Eneo tulilipata karibu na kijito, kiwanja kilichokaa miaka bila kuendelezwa, kimejaa nyasi, chupa na mawe. Sisemi kokoto. Nasema yale mawe ya Musoma ambayo nyumba hujengwa kwa kuyazunguka. Shida ya kwanza ikawa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Bwana shamba akatukumbusha hilo kwa upole, akaondoka akisema atarudi na futi kamba. Kamati ikakaa. Ikaamua tujipimie wenyewe kwa hatua, hatua moja mita moja, na ikamteua mpimaji kwa sifa moja tu: ndiye mwanachama mwenye miguu mifupi kuliko wote. Alihesabu sitini kwa sauti, bila kudanganya hata moja, akachomeka kijiti mahali ambapo ungetema mate yakafika majini. Futi kamba ilipokuja, kijiti kilisafiri kwenda juu kabisa, kwenye mawe. Kwa hiyo maji tunayachota kwa ndoo, tunapanda nayo kilima, na mpimaji wetu ameshauriwa asigombee cheo kwa muda.

Samadi haikusumbua. Mkoa huu ukikosa kitu, si ng'ombe. Mwanachama mmoja wa bodaboda aliibeba kwa viroba, kiroba mbele yake na kiroba nyuma, na kwa siku kadhaa abiria wake walikuwa wanauliza kwa adabu kama wanaweza kushuka kabla ya kufika. Kilichosumbua ni mbegu. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Ukiisia peke yake inaanguka kwa mafungu, kwa hiyo unaichanganya na mchanga mkavu ndipo unapoitawanya. Tulichanganya vizuri. Tukasia mchana, saa ambayo upepo wa ziwani huwa umeamka. Wiki mbili baadaye mchicha ulikuwa umeota njiani, kwenye paa la choo, ndani ya toroli, na kwenye uwanja wa jirani ambaye alikataa kujiunga kwa maelezo kuwa hana muda wa mchicha. Matutani palikuwa na mchache. Kule New York, mwaka 1973, mama mmoja aitwaye Liz Christy na wenzake walikuwa wakitengeneza vifurushi vya mbegu na kuvirusha juu ya uzio wa viwanja vilivyotelekezwa ili mji uwe wa kijani, na kiwanja kimoja walichokisafisha kikawa bustani ya jamii mpaka leo. Wao walihitaji mpango na mikono yenye shabaha. Sisi ziwa lilitufanyia.

Tulisia tena, mara hii jioni, na bibi mmoja wa Kikurya akaomba tuta lake la mgagani. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu mgagani nusura utupeleke pabaya.

Asiyeujua mgagani autazame vizuri. Kikonyo kimoja kirefu, na kutoka nchani mwake vinatawanyika vijani vitano kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Shina lina vinyweleo vinavyonatanata. Harufu yake ni kali, inakaa kwenye vidole mpaka kesho. Sasa chukua maelezo hayo, uyapeleke katika mkoa ambao jina lake hutajwa kwenye taarifa za habari kila magunia ya bangi yanapochomwa moto, halafu umwoneshe mgambo kijana anayepita njia akiwa na njaa ya kupandishwa cheo.

Alisimama kwenye uzio. Akatazama tuta. Akatazama barabara kama anaomba wenzake watokee. Kisha akaingia, kwa hatua za mtu aliyekwisha kuona jina lake gazetini.

"Bibi, hii ni nini?"

"Mboga."

"Mboga gani yenye vidole vitano?"

Bibi hakuacha kupalilia. "Mura," akamwita, "bangi ina meno pembeni mwa jani, kama msumeno. Hii haina meno. Wewe unayo. Tafuna."

Kijana akasita. Kukataa kungemfanya aonekane mwoga, na kukubali kungekuwa kula ushahidi. Akachuma jani dogo, la kisheria, akalitia mdomoni. Mgagani mbichi ni mchungu, kila anayeupika anajua hilo. Ndiyo maana tunauchemsha, tunamwaga maji, tunautia maziwa na kuuacha ulale, kesho yake ndipo unapokuwa chakula. Uso wa yule kijana ulipitia mambo mengi kwa muda mfupi. Mwishowe akasema kwa sauti ya ofisi, "Hii ni mboga," akaandika kitu kwenye daftari lake, na kabla hajaondoka akaelezwa kiingilio ni kiasi gani. Sasa ni mwanachama. Yuko kamati ya nidhamu.

Sanamu ya kutishia ndege haikuwa na bahati hiyo. Tuliivika koti la suti lililoletwa na mke wa mwanachama mmoja, na kofia ya pama. Ikapendeza kupita kiasi. Watoto wakipita kwenda shule wanaiamkia, "Shikamoo, babu," na wengine wananung'unika kwamba babu haitikii. Msafiri mmoja aliyeshuka stendi usiku aliiuliza njia, akaondoka akisema watu wa Musoma wana dharau. Ndege walikaa begani kwake wakila mtama wa jirani kwa starehe. Kisha siku ya harusi fulani mwenye koti alilitafuta kabatini, akalikosa, akaja shambani, akalivua palepale, akalikung'uta, akaenda nalo ukumbini. Kwenye picha za harusi anaonekana vizuri, na mfuko wa kifuani umetokeza majani makavu.

Mchicha hauchelewi. Wiki tatu hadi nne tangu kusia, unachuma. Na siku ya kuchuma ndipo nilipogundua kwamba kikundi chetu ni kikubwa. Kwenye palizi tulikuwa tunaonana wale wale, wengine walikuwa wanashiriki kwa wasapu, wanaweka mikono ya kuombea na kuandika "Tupo pamoja, mimi niko msibani." Misiba ya ukoo mmoja, kwa hesabu ya katibu, ilizidi idadi ya ukoo wenyewe. Lakini mavuno yalipotangazwa, misiba yote ilikwisha. Watu walikuja na beseni. Watu walikuja na wakwe. Mmoja alikuja na kiroba, akasema ametumwa nacho.

Mhazina akataka tuuze kwa mama lishe wa stendi, fedha ziende kwenye akaunti. Kambi ya "Upendo" ikataka tugawane sawa kwa sawa. Kambi ya "Jitegemee" ikataka kila mtu apewe kwa kadiri ya jasho lake, na hapo likazuka swali la jasho la aliyebeba maji na jasho la aliyeandika mihtasari. Katibu akasema kuandika nako kunatoa jasho. Mzee mstaafu, yule wa "tumekosa nini", akanong'ona kwamba mwaka 1975 alihudhuria kikao hiki hiki, kilichokuwa tofauti ni zao tu. Tulipofika kwenye hoja ya nne mchicha ulikuwa umenyauka, na mbuzi wa mtu ambaye si mwanachama alikuwa ameshaanza mgawo wake bila kusubiri azimio.

Ni bibi wa mgagani aliyetuokoa, tena bila hotuba. Aliuliza, "Tuta langu mbona halina ugomvi?" Kweli halikuwa nao. Lilikuwa na mwenyewe. Tukagawana matuta, kila kaya na lake; uzio wa minyaa, ndoo, njia na zamu ya kulinda vikabaki vya wote. Nimesoma baadaye kwamba Waingereza wamekuwa wakigawiwa vipande vyao vya bustani namna hiyo kwa zaidi ya karne, na kwamba Elinor Ostrom alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotunza mali ya pamoja wakijiwekea kanuni wenyewe. Bibi hakupewa kitu, ila alichagua tuta lililo karibu na kivuli.

Mabadiliko yalikuwa ya kutisha. Watu wasioonekana wakaanza kuonekana saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakiwa na tochi. Yule wa misiba sasa ndiye anayegombeza wanaopitisha toroli karibu na nyanya zake. Mke na mume fulani wamepanda matuta mawili yanayotazamana na hawaambiani wanatumia dawa gani. Bustani imekuwa pia kituo cha habari: nani kaposwa, nani kahamishwa, basi gani limeharibika Bunda, yote utayapata kati ya chainizi na nyanya chungu kabla jua halijatoka. Nina hakika nusu ya wanachama wangeendelea kuja hata kama ardhi isingeotesha chochote.

Kisha akatokea mwenye kiwanja. Kilipokuwa nyasi na chupa hakuonekana. Kilipokuwa kijani alishuka kwenye basi la Mwanza akiwa na bahasha ya khaki na mtu wa kutazama mawe ya mpaka. Tulisimama kimya, kila mtu pembeni ya tuta lake. Akazunguka. Akainama kwenye bamia. Akauliza mgagani ni nini, akaambiwa atafune, akatafuna. Akarudi mpaka mlangoni, akakuna kichwa.

"Mtu akitaka tuta," akasema, "anafanyaje?"

Katibu akafungua kaunta buku. "Kiingilio, picha mbili ndogo, na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa unaoishi."

"Lakini kiwanja ni changu!"

"Hilo tunalijua, mzee wangu, na tunashukuru sana," katibu akasema, akilamba kidole kutafuta ukurasa. "Barua umekuja nayo?"