Kuihoji Mashine: Mwongozo kwa Mwanauzamivu Asiyeonywa

Hongera kwa kupata nafasi ya uzamivu. Umechagua akili unde inayoelezeka, yaani kazi ya kuibana mashine mpaka iseme kwa nini imeamua ilivyoamua. Kabla hujaaga nyumbani, zingatia haya.

1. Mkariri mbwamwitu. Mwaka 2016 Marco Ribeiro na wenzake waliifundisha programu vibaya makusudi: kila picha ya mbwamwitu ilikuwa na theluji, za mbwa aina ya haski hazikuwa nayo. Mbinu yao, LIME, ikaiumbua: programu haikumjua mnyama, ilijua theluji. Utakisimulia kisa hiki kwenye kila semina, baada ya wenzako wawili kukisimulia.

2. Jifunze kugawa mavuno. SHAP, mbinu nyingine ya kuihoji mashine, ya mwaka 2017, imejengwa juu ya hesabu ya Lloyd Shapley ya 1953: waliovuna pamoja, kila mmoja apewe kwa kadiri ya mchango wake. Ni haki tupu, ila wavunaji hapa ni vigezo ambavyo mashine huvitumia kuamua, na vigezo 20 tu huzaa makundi zaidi ya milioni 1 ya kupima. Kwa hiyo utakadiria, na kwenye tasnifu utaandika “tulikokotoa”.

3. Ogopa picha nzuri. Ramani za rangi zinazoonyesha mashine ilitazama wapi hupendeza ukutani. Mwaka 2018 Julius Adebayo na wenzake walivuruga namba zote ambazo mashine ilikuwa imejifunza. Baadhi ya mbinu za kuchora ramani hizo zikaendelea kuchora picha karibu zile zile. Mpiga ramli naye hakosi la kusema, hata kibuyu kikiwa kitupu.

4. Msome Cynthia Rudin mapema. Mwaka 2019 alishauri kwamba kwenye maamuzi mazito tuache kuyatolea maelezo masanduku meusi, yaani mashine zisizosomeka ndani, tutumie mifumo inayosomeka tangu mwanzo. Ukichelewa mpaka mwaka wa tatu, msimamizi atasema, “Inavutia,” nawe utakuwa umeongezewa sura nzima.

5. Siku ya kutetea tasnifu, utaulizwa kwa nini ulichagua fani hii. Toa sababu tatu, fupi, zilizonyooka. Usitaje kwamba maombi ya ufadhili yalifungwa Ijumaa na wewe uliliona tangazo Alhamisi usiku. Watahini wataitikia kwa vichwa, wameridhika. Hakuna atakayeulizia theluji.