Hataza ya Kwenda Polepole

Haya, uvumbuzi umewasili: gari la umeme la kukata nyasi ambalo betri ikikaribia kuisha, hupunguza kasi ya visu ili lifike bandani. Wenyewe wanataka hataza, yaani miaka 20 ya kuwazuia wenzao wasipunguze mwendo bila kibali. Bahati mbaya, Ibara ya 56 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa saini Munich mwaka 1973, ina swali la kuudhi: je, fundi wa fani hiyo asingeliona jambo hili waziwazi? Mbona mwenye simu ya chaji kiduchu hupunguza mwanga wa kioo bila wakili! Kama mtambo unapima ugumu wa nyasi na kugawa umeme kwa namna mpya, wapeni hataza. Kama ni swichi tu iliyoandikwa “okoa umeme”, warudishieni faili lao.