Posa ya Mpasheni

Mpasheni hausomi hati ya kiwanja. Ujengee kichanja cha mirunda na waya, utakipita kama haukioni. Wangu, hapa Tabata, ulianzia kwenye kamba ya nguo. Vikono vyake vikajisokota kwenye khanga mpya ya mke wangu, tukainasua kwa mkasi. Kisha ukapanda antena, halafu ukaruka ukuta kwa jirani.

Kiangazi na masika ulikuwa kijani tu, na maua yake, meupe yenye nyuzi za zambarau, mazuri ajabu. Matunda? Hakuna hata moja.

Bwana shamba alicheka. Mpasheni huu wa njano, unaopenda joto la pwani, haukubali chavua yake wenyewe. Unataka ya mpasheni mwingine, na waletaji ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ndio hao hao mama mkwe aliokuwa akiwapulizia dawa ya mbu, kisa wanatoboa boriti za baraza na kumwaga unga kwenye chai yake. Na sijaona wa kumwambia mama mkwe aache.

Basi nikawa mshenga. Nyumba ya tatu kuna mzee mwenye mpasheni wa mbegu nyingine. Nikapiga hodi.

“Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba maua.”

“Marahaba. Nani mgonjwa?”

“Hakuna, mzee. Ni ya mti.”

Alinitazama sana, kisha akataja mahari: nusu ya matunda.

Maua hayo hufunguka karibu na adhuhuri, na usiku yameshajifunga, hayafunguki tena. Kwa hiyo posa hufanyika juani, saa saba mchana, mtu yuko juu ya ngazi anapaka chavua kwa mswaki wa zamani. Watoto wakatangaza mtaa mzima kwamba Baba Neema anayapigisha maua mswaki.

Yakashika. Pasheni haichumwi, inasubiriwa ianguke yenyewe, nayo hupenda kuanguka usiku, juu ya bati. Mama mkwe akapiga yowe la mwizi mara mbili. Yaliyosinyaa, ambayo ndiyo matamu, akayatupa akidhani yameoza. Mengine yote yaliangukia kwa jirani.

Jana jirani katuletea jagi la juisi, ya baridi. “Kwangu yanaokotwa tu,” akasema. Sijamaliza kumimina, mjukuu wa yule mzee kasimama mlangoni na chupa tupu.