Mwanafunzi wa Atachimenti na Soketi ya Ofisi

Katika lugha ya wataalamu wa nishati, gridi ni ule mtandao wa nyaya, vituo na mashine unaosafirisha umeme kutoka unakozalishwa hadi kwenye swichi ya mtumiaji, na maisha nje ya gridi ni maisha ya mtu aliyejitenga na mtandao huo, akajitafutia mwanga, moto na maji kwa njia zake mwenyewe. Vitabu vingi huyaeleza maisha hayo kama uamuzi wa kifalsafa wa watu waliochoshwa na miji, wakahamia msituni na paneli ya jua, pipa la maji ya mvua na kuku wanne. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, lipo kundi linaloishi nje ya gridi bila kusogea hata hatua moja kutoka chini ya nyaya zenyewe, tena bila falsafa yoyote, nalo ni kundi la wanafunzi walio kwenye atachimenti isiyolipwa.

Atachimenti, ambayo wenyewe huikata ikawa atachi, ni kipindi cha wiki kama 12 ambacho mwanafunzi wa chuo hupelekwa mahali pa kazi kabla ya kuhitimu, ili aone kwa macho yale aliyoyakariri darasani. Haifai kuchanganywa na uanagenzi, ambao ni wa aliyekwisha kuhitimu na ambao, angalau kwenye karatasi, huja na posho: mpango wa uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma ulioanza mwaka 2019 ulikuja na shilingi 25,000 kwa mwezi, nao madaktari wanagenzi, serikali ilipotaka kuwapa shilingi 70,000 badala ya zile 206,400 walizodai kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 2017, wakawa kiini cha mgomo ulioanza Machi 14, 2024 na kudumu siku 56. Mwanafunzi wa atachi hana cha kugomea. Akigoma, pengo litakaloonekana ni la chai ya saa nne. Hata Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ambayo hutoza waajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi ili kugharimia mafunzo, haimhesabu yeye katika hamsini hizo, kwa kuwa yeye si mfanyakazi bali ni mgeni anayefika kabla ya wenyeji na kuondoka baada yao.

Mahali anapolala panastahili maelezo. Eastlands ni ukanda wa mashariki mwa jiji ambako utawala wa kikoloni uliwajengea wafanyakazi Waafrika mitaa kama Kaloleni, ambako Buruburu na Umoja ziliongezwa katika miaka ya 1970, na ambako wenye ploti wamekuwa wakipandisha ghorofa tangu hapo kwa kasi ambayo mwanga wa jua haujaweza kuifuata. Huko mtaa wa Pipeline, majengo yamesogeleana kiasi kwamba mpangaji wa ghorofa ya chini huwasha taa saa sita mchana, na jirani wa dirisha la pili anaweza kumpitishia chumvi bila kuinuka kitini. Hapa ndipo nadharia ya paneli za jua inapokwama. Taa za jua zinazolipiwa kidogo kidogo kwa M-Pesa, kama zile ambazo kampuni ya M-Kopa ilianza kuziuza mwaka 2012, humtaka mteja awe na paa, ilhali paa la ploti ni la mwenye nyumba, mlango wake una kufuli, na ufunguo huwa kwa keateka, yaani mwangalizi wa ploti, ambaye huutoa kwa ajili ya kuanika nguo tu, na hiyo ni Jumamosi. Henry David Thoreau, Mmarekani ambaye watetezi wa maisha ya kujitenga humtaja kama mtume wao, aliishi kando ya ziwa Walden kuanzia Julai 1845 hadi Septemba 1847 katika kibanda kilichomgharimu dola 28 na senti kumi na mbili na nusu, ila wafuasi wake husahau kutaja kwamba ardhi ilikuwa ya rafiki yake, Ralph Waldo Emerson, na kwamba hakuna keateka aliyebisha hodi tarehe tano akidai kodi.

Basi mwanafunzi hubaki na stima ya tokeni. Tokeni ni namba yenye tarakimu 20 ambayo mteja huinunua kwa simu na kuibonyeza kwenye kibodi ndogo ya mita ili arudishiwe umeme alioumaliza. Utaratibu huu unaonekana kuwa mwepesi hadi mtu aujaribu katika giza, simu ikiwa na chaji ya asilimia mbili, ujumbe wenye namba ukiwa ndani ya simu hiyo hiyo. Mwenye busara huinakili namba mkononi kwa kalamu, kisha hugundua kwamba tarakimu ya kumi na tatu iliandikwa juu ya kovu na haisomeki kama ni moja au saba. Zipo pia kibodi ambazo stima ikishakatika hazifanyi kazi bila betri, kwa hiyo anayetaka kurudisha umeme sharti awe na umeme kwanza, kanuni ambayo inafanana mno na ile ya waajiri wanaotaka mhitimu mpya awe na uzoefu wa miaka mitatu.

Gridi yenyewe, ikumbukwe, haina kiburi cha kudumu. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma, zikapotea zaidi ya megawati 180 na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Ukichunguza mazingira ya tukio hilo utaona kwamba tumbili yule alikuwa katika hali ile ile ya mwanafunzi wa atachi: hakulipwa, hakuelekezwa na yeyote, aligusa kifaa kikubwa ambacho hakuna aliyemweleza kazi yake, na kosa lake likajulikana kwa wakubwa wote siku hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba tumbili alitoka salama, akakabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na kupata mahali pa kulala kwa gharama ya serikali.

Tokeni ikiisha, kwa kawaida kuanzia tarehe ishirini, mwanafunzi hurudi kwenye moto. Mafuta ya taa yangemfaa, lakini tangu Septemba 2018 kila lita hutozwa shilingi 18 za ziada ili kuwakomesha wanaoyachanganya na dizeli, na kwa njia hiyo mtu aliyetaka kupika ugali wa sahani moja huadhibiwa pamoja na wenye malori. Hubaki jiko la makaa, lile lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lililobanwa kiunoni, ambalo lilibuniwa kwa kuiga jiko la Thailand na kuanza kuenea mwaka 1982 kupitia mafundi wa jua kali, wakiwemo wale wa Shauri Moyo, humo humo Eastlands. Ni chombo cha kuheshimiwa, kwa kuwa kimepunguza makaa ya mamilioni ya watu, ila hakikuundwa kwa ajili ya kunyoosha shati. Pasi ya makaa hukopwa kwa mama wa mlango wa tatu, hupulizwa hadi majivu yatue kwenye nyusi, kisha huwekwa juu ya shati jeupe la pekee, na uzoefu unaonyesha kwamba cheche haiangukii mgongoni, ambako koti lingeificha, bali huchagua mahali pa kifungo cha pili kutoka juu, ambapo msimamizi wa kazi hutazama anaposalimia. Mwanafunzi hufunika tundu kwa tai. Wenzake wa ofisi humsifu kwa nidhamu ya mavazi.

Safari ya kwenda kazini nayo ni sura ya maisha nje ya gridi, ikiwa gridi itachukuliwa kwa maana pana ya kila mtandao unaodai malipo. Kutoka Umoja hadi Eneo la Viwanda nauli ya matatu hupanda mvua inaponyesha, na mvua huwa na uhusiano wa karibu na siku za kuripoti mapema, kwa hiyo mwanafunzi hujiunga na ule umati unaotembea kandokando ya Barabara ya Jogoo alfajiri, akiwa amevaa malapa ya matope na kubeba viatu vya ofisi mkononi. Zamani viatu hivyo vilifungwa kwenye mfuko wa plastiki. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko hiyo ilipopigwa marufuku, huviringwa kwenye gazeti, na si ajabu mtu akaingia mkutanoni na kichwa cha habari kuhusu nafasi za ajira kikiwa kimejichapa kisiginoni.

Huko ofisini hufundishwa. Yapo mambo matatu ambayo huyafahamu kikamilifu kufikia wiki ya pili: sukari ya kila mkubwa, mashine ya kutoa nakala inapopigwa ili karatasi iliyokwama itoke, na kibanda chenye mandazi ya moto. Ugumu huja jioni, kwa maana kila siku lazima ijazwe kwenye daftari la mafunzo, ambalo mhadhiri atalikagua na msimamizi atalitia sahihi, na hakuna chuo kinachotoa alama kwa mandazi. Ndiyo maana fasihi ya madaftari haya imefikia kiwango ambacho wahakiki wangepaswa kukitazama. Kutumwa mandazi huandikwa kuwa ni kushiriki katika mchakato wa ununuzi na usambazaji. Kupasua kikombe huwa ni kutathmini uimara wa vifaa. Na siku nzima ya kukaa bila kazi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumpa nywila ya kompyuta, huwa ni kuchunguza mifumo ya usalama wa taarifa. Mhadhiri anapofika kwa ghafla humkosa mwanafunzi, ambaye wakati huo yuko kibandani akishiriki katika mchakato.

Lakini ofisi ina kitu kimoja ambacho ploti haina, nacho ni soketi isiyodai tokeni. Hapo ndipo uchumi wote wa atachi ulipojificha. Simu ya kawaida yenye betri ya miliampia 5,000 huhitaji takriban wati 25 kwa saa moja ili ijae, ukijumlisha na zinazopotea njiani, na mwanafunzi akiichaji kila siku ya kazi kwa wiki 12, yaani siku 60, atakuwa ametumia uniti moja na nusu, uniti ikiwa ni kilowati moja kwa saa moja. Kwa bei za miaka ya karibuni, uniti hizo hazifiki shilingi 50, yaani ushuru wa mafunzo wa mfanyakazi mmoja kwa mwezi mmoja. Mwenye tamaa huongeza pawabenki ya miliampia 20,000, ambayo huwasha balbu yake ya usiku kule Kayole, na hapo jumla ya miezi mitatu hukaribia shilingi 250. Hakuna senti nyingine anayoipata kutoka kampuni hiyo. Hata hivyo wapo wakubwa ambao wamewahi kuandika ilani na kuibandika ukutani wakikataza wanafunzi kuchaji vifaa vya binafsi, wakaipitisha ilani hiyo kwenye mashine ya plastiki ili isichakae, na mashine hiyo, iliyokula umeme kuliko simu ya siku nzima, ikaendeshwa na mwanafunzi.

Kwa hiyo mwajiri wa Eneo la Viwanda atakayeona waya mweupe umejipenyeza nyuma ya mashine ya kutoa nakala anaombwa asiuchomoe kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa kuwa huo ndio mshahara.