Kupinduliwa na Mtoto wa Miaka Minne

Jana usiku nimevuliwa ufalme wa Ireland na mtoto wa miaka minne. Hajui kupenga kamasi. Waliombeba hadi kitini ni wanaume wazima wenye ndevu, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakula nyama kwenye karamu yangu ya mwisho. Mpwa wangu, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake ya kompyuta, alicheka mpaka shangazi yake akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

"Mjomba kapinduliwa na mtoto wa chekechea," akamwambia.

Kinachouma zaidi ni kwamba mtoto huyo nimemzaa mimi.

Katika Crusader Kings III, gemu la mwaka 2020, huchezi mfalme, unacheza ukoo. Mfalme akifa, unageuka mrithi wake na safari inaendelea. Nilianza mwaka 1066 nikiwa Murchad, mtawala wa Munster kusini mwa Ireland, mahali ambapo gemu lenyewe huwapeleka wanaojifunza. Nikapigana, nikaoza mabinti, nikanunua urafiki, hatimaye nikavaa taji la kisiwa kizima. Uzeeni, mjane mwenye mvi, nikaoa binti wa kabaila wa Scotland kwa ajili ya mkataba wa kijeshi. Akanizalia mtoto wa kiume. Nikafurahi, nikafa.

Nikafumbua macho nikiwa mwanangu wa kwanza, mtu wa miaka arobaini. Yule mchanga akawa mdogo wangu wa baba mmoja, na baba mwenyewe ni mimi. Miezi haikupita mingi ikaingia barua yenye lakiri: makabaila wa Leinster, Connacht na Ulster wanakutaka umpishe mdogo wako.

"Sasa huyo ni mtoto wako au ni bosi wako?" mpwa akauliza. Sikumjibu. Sheria za urithi zina majibu yote mawili.

Watu wasiocheza magemu haya hudhani ufalme huangushwa na adui kutoka ng'ambo. Adui wa ng'ambo ni mtu mstaarabu: anatangaza vita, unaona askari wake kwenye ramani, unajua pa kukimbilia. Anayekumaliza ni wa ndani, na anafanya hivyo kwa hesabu ambayo gemu halikufichi hata kidogo. Unaisoma kila mwezi, huku unapotea.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kila kabaila aliye chini yako ana tarakimu juu ya kichwa chake, maoni yake kukuhusu. Tarakimu hiyo ni jumla ya mambo madogo madogo yaliyoorodheshwa moja baada ya jingine: ulimpa zawadi, ongeza; ulimnyang'anya mtu ardhi bila sababu, punguza; wewe ni mchoyo na yeye ni mkarimu, punguza; analitaka jimbo lako, punguza tena. Chuki yote imeandikwa kwa mistari na hakuna mstari unaosema "hivi hivi tu". Nimefanya kazi na watu kwa muda mrefu, na natamani kila mmoja wao angetembea na orodha kama hiyo kifuani.

Wasioridhika wanajiunga kambi. Ipo kambi ya kujitenga, inayotaka kuondoka na ardhi yake. Ipo ya kupunguza mamlaka ya taji, inayotaka mfalme abaki ila asiwe na la kusema. Ipo ya kuweka mwingine kitini, na hiyo ndiyo iliyonikuta. Hata wakulima wana ya kwao, ukiwasahau vya kutosha. Kambi ikiwa dhaifu, wanachama wake wananung'unika tu. Nguvu yake ya kijeshi ikifika asilimia 80 ya nguvu yako, kipimo cha hasira kinaanza kupanda mwezi hadi mwezi. Kikifika 100, barua inatumwa. Ukikubali umekwisha, ukikataa, ni vita ya wenyewe kwa wenyewe.

Angalia uzuri wa mtego. Asilimia ile inapimwa dhidi ya askari wako, kwa hiyo kila askari anayekufa kwenye vita yako ya ng'ambo ni kama umempigia kura mpinzani wa nyumbani. Ukimpa kabaila mwaminifu jimbo la pili ili ashukuru, umemwongezea askari ambao siku akinuna watahesabiwa upande wa pili. Shukrani inafifia kwa miaka. Jimbo halififii.

Kisha kuna baraza. Viti vya makabaila na wakuu ni vitano: mjumbe wa mambo ya nje, mtunza hazina, amiri jeshi, mkuu wa wapelelezi na kiongozi wa dini. Makabaila wakubwa wanaona kiti ni haki yao ya kuzaliwa, na mkubwa asiyepewa anakuchukia kwa pointi 40, deni ambalo karamu haiwezi kulilipa. Ni kamati ya harusi kamili: ukimweka mweka hazina anayejua kuhesabu, mjomba tajiri anasusa, ukimweka mjomba, pilau inaisha kabla wageni hawajakaa. Nami nilikuwa na mtu hodari wa hesabu, mwenye kijiji kimoja. Kabaila wa Leinster hajui kujumlisha hata ng'ombe wake. Nilimweka yule wa hesabu.

Dawa zipo, na nilizijua zote. Kabaila mliyeungana kwa ndoa hawezi kuingia kambi dhidi yako. Ambaye una siri yake nzito, naye umemfunga kamba. Aliyejaa hofu kwa sababu ameona uliowanyonga hathubutu. Lakini dawa hizi zote zimeandikwa jina la mfalme aliyezitafuta. Ndoa zilikuwa za marehemu. Siri ziliibwa na wapelelezi wa marehemu. Hofu ilikuwa ya marehemu, na akaenda nayo kaburini. Mrithi anaanza na taji, madeni ya hisia, na adhabu ya kuwa mgeni kitini: makabaila wanampunguzia maoni kwa sababu tu hajatawala muda mrefu, na atatawalaje muda mrefu kama hawamwachi?

Urithi nao hukata keki. Kwa sheria za awali wana wote hupewa fungu, kwa hiyo ndugu zako wanaamka makabaila, wana ardhi, wana askari, na wanacho kile kitu hatari kuliko askari: dai. Mtoto wa mfalme ana haki ya kudai kiti hata kama bado ananyonya. Wakubwa wa Ireland hawakumpenda mdogo wangu. Hawakuwahi hata kumwona. Walipenda umri wake. Mfalme wa miaka minne anahitaji msimamizi, na msimamizi anahitaji marafiki, na marafiki wanahitaji viti.

Nilikataa barua. Vita ilidumu miaka miwili na nusu ya gemu. Yule hodari wa hesabu alinipigania mpaka mwisho na askari wake wa kijiji kimoja, nikamheshimu sana.

Baada ya hapo nilihamia Byzantium, ambako mila inaruhusu kumpofusha mfalme aliyeshindwa, nikapofushwa.

Semien, ule ufalme wa Wayahudi wa milima ya Ethiopia, nikafa kwa homa kabla hata kambi haijapata mwenyekiti.

Oman nilidumu, ila umeme ukakatika kabla sijahifadhi.

Ilikuwa nikiwa Oman, nikivinjari pwani ya Bahari ya Hindi nikitafuta wa kumwoza binti, ndipo kicheko kilipoanza kunitoka. Gemu lina Waibadhi wa Oman kwa jina lao. Lina Ethiopia, lina Ghana ya kale, lina Kanem. Nikasogeza ramani kusini nipite Pembe ya Afrika nishuke kwetu. Ramani ikakoma. Hapana Lamu, hapana Mombasa, hapana Kilwa. Kijiji cha Ireland chenye kanisa moja na mbuzi kina kabaila, mke wa kabaila na kinyongo cha kabaila. Kilwa, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman akisifika kwa ukarimu, haina hata kivuli cha pwani.

Na si kwamba siasa za ndani tulikosa. Historia ya Kilwa, ile iliyotufikia kwa Kiarabu na kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, imejaa hayo ninayolipia niyaone Leinster: ndugu wanaogombea kiti, na katika karne ya 15 maamiri na mawaziri wanaoamua nani akae na nani aondoke. Wareno walipokuja na Francisco de Almeida mwaka 1505, aliyekuwa akitawala ni Amiri Ibrahim, mtu ambaye uhalali wake kitini ulikuwa unabishaniwa mjini. Wakaiteka Kilwa, wakamweka Mohamed Ankoni, naye akauawa mwaka uliofuata. Mgeni alikuta hesabu ya kambi imeshapigwa na wenyeji, yeye akaja kusoma jibu tu.

Mpwa wangu anakutajia majimbo makubwa ya Ireland bila kupumua. Anajua nani alimrithi nani Munster. Nilipomuuliza nani alijenga Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme la Kilwa, akaniuliza kama hilo ni gemu jipya. Sikucheka. Wala sina wa kumlaumu mle chumbani, maana gemu nimemnunulia mimi.

Siku Kilwa ikitiwa kwenye ramani, sitauliza ina majahazi mangapi wala dhahabu ya Sofala inaingiza kiasi gani. Nitaanza kwa kuuliza amiri ni nani, na ana kiti barazani au hana.