Sifa za Taa Isiyojua Kitu

Katika vitu vyote vinavyowaka Nairobi, sidhani kama kuna kinachodharauliwa kuliko kijitaa cha draya kinachodai chujio lisafishwe. Taa za barabarani nazo hupuuzwa, lakini hupuuzwa kwa heshima: dereva wa matatu hutazama kwanza kama kuna askari. Mita ya tokeni ikianza kulia watu husikia, maana baada ya mlio huja giza. Kijitaa hiki hakina askari wala giza nyuma yake. Kinawaka, nguo zinatolewa, mlango unafungwa, mzigo mwingine unaingia, nacho kimebaki pale pale na ombi lake. Nakusudia kukisifu, tena si kwa kukionea huruma. Nadai kwamba ubora wake unatokana na kile hasa kinacholaumiwa nacho, yaani kwamba hakijui kitu.

Tuanze na kazi yenyewe. Draya hupuliza hewa ya moto katikati ya nguo zinazobingirika ndani ya pipa. Hewa hiyo huondoka na mvuke, na pamoja na mvuke huchukua nyuzi fupi zilizokatika kwenye vitambaa. Nyuzi zikifika kwenye chujio, ambalo ni wavu mwembamba uliochomekwa karibu na mlango au juu ya mashine, hunaswa zikawa utando laini wa kijivu. Utando ukinenepa hewa hukosa njia. Nguo ambazo zingekauka kwa saa moja zinakaa saa moja na nusu, tokeni zinayeyuka, joto linarundikana penye kipasha moto, na siku moja fyuzi ya joto inakatika, fundi anaitwa. Hapo ni pale mambo yakienda vizuri. Yakienda vibaya, manyoya hayo ya nguo ni chakula cha moto. Watu wa kupiga kambi huyabeba makusudi kwa kuwashia kuni. Mamlaka ya Zimamoto ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 draya zilianzisha mioto 2,900 kila mwaka katika nyumba za kuishi nchini humo, ikaua watu 5, ikajeruhi 100 na kuteketeza mali ya dola milioni 35 kwa mwaka. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, haikuwa waya mbovu wala kasoro ya kiwandani. Ilikuwa kutosafisha.

Sasa mashtaka. Katika mashine nyingi taa hii haipimi chochote. Haina jicho ndani ya chujio. Ama inahesabu mizigo ikafika idadi iliyopangiwa, ama inawaka tu kila mzunguko unapoisha, chujio liwe limejaa au liwe jeupe kama lilivyotoka dukani. Mtu aliyelisafisha dakika tano zilizopita anaulizwa tena kama amelisafisha. Mwenye akili timamu akiulizwa hivyo mara mbili hukasirika, na ndiyo maana kijitaa hiki kimepewa sifa ya kuwa mwongo na msumbufu.

Mutuini ni mahali pazuri pa kuisikilizia kesi hii. Iko magharibi mwa jiji, Dagoretti Kusini, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti jua huko ni la kusikia kwa redio. Mawingu hukaa kutwa, manyunyu huja bila mpango, na jinzi iliyoanikwa Jumamosi huvaliwa Jumatatu ingali na unyevu kiunoni. Wengi huanika kwenye kamba, iwe kati ya nyasi za napia na zizi la ng'ombe katika ploti ya familia, iwe juu ya paa la fleti, ambako pia lazima uzilinde nguo dhidi ya wenye mikono mirefu. Na kamba ina taa yake ya kukumbusha: sauti ya jirani. "Mama Wanjiku, mvua! Anua nguo!" Jirani huyo hajapima kitu. Ameona wingu, au amesikia tone moja kwenye bati, au amehisi tu upepo umegeuka. Mara nyingi amekosea, nguo zimeanuliwa bure na kuanikwa upya. Si mbali na hapo, Dagoretti Corner kwenye barabara ya Ngong, ndipo yalipo makao makuu ya idara ya hali ya hewa ya taifa, na kuna vipimo vya mvua vinavyosoma hadi sehemu ya milimita. Hata hivyo hakuna shati lililowahi kuokolewa kwenye kamba na kipimo cha mvua, kwa sababu kipimo hujaa mvua ikishanyesha. (Watabiri wasinielewe vibaya, nasema kipimo, sisemi utabiri.) Jirani anayepiga kelele bila ushahidi ndiye anayefaa, na kosa lake linagharimu safari moja ya kwenda kwenye kamba na kurudi.

Ndivyo ninavyozitazama pia mashine za bei kubwa zenye kitambuzi cha mtiririko wa hewa. Hizo zinajua. Hungoja mpaka hewa ipungue, kisha hutoa taarifa, na taarifa yao ni ya kweli kabisa. Ila wakati huo manyoya yameshajaa, umeme umeshaliwa na joto limeshapanda. Sizikatai, zina kazi yake, na nitaifikia. Lakini kwa kazi ya kila siku nampenda zaidi asiyejua, kwa kuwa anasema mapema.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: taa inayowaka kila mara haionekani tena. Jicho huizoea likaiweka kundi moja na nembo ya mashine. Nakubali kwamba hutokea hivyo, na kuna madobi ambao kwao kijitaa hicho kimefunikwa kwa kibandiko cha bei. Lakini tuisome taa kwa lugha yake. Vitabu vya maelekezo husema chujio lisafishwe kwa kila mzigo, si kila linapojaa. Kwa hiyo taa inayowaka kila mzigo haijasema "chujio limejaa." Imesema "zamu imefika," na zamu kweli imefika. Anayeiita mwongo amejibu swali ambalo hakuulizwa. Na yule ambaye mkono wake unakwenda kwenye chujio kabla hajatazama taa, huyo hakuizoea vibaya. Amefika pale taa ilipotaka afike, na sasa inaweza kuwaka bila kuangaliwa na isinung'unike.

Tuangalie pia inachodai. Katika jiji ambalo kila anayekusimamisha ana bei yake, hiki ndicho chombo cha mamlaka pekee ninachokijua kinachoomba kitu kidogo na kikawa kidogo kweli: vidole viwili na nusu dakika. Chujio huvutwa nje, manyoya hukunjwa kuanzia ncha moja yakabanduka kama ngozi, yanatupwa, chujio linarudi mahali pake mpaka libane. Mara moja kwa mwezi hivi lioshwe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini, maana karatasi na dawa za kulainisha nguo huacha utando usioonekana. Mwenye shaka amwagie maji kwenye wavu: yakituama badala ya kupita, chujio halipumui hata kama macho yanaliona safi. Likauke kabisa kabla ya kurudishwa, na mashine isiwashwe kamwe bila chujio. Draya zisizo na bomba la nje aghalabu huwa na machujio mawili, na wengi hujua moja tu. Kama taa bado inawaka baada ya yote hayo, usiipige kofi. Baadhi ya mashine huizima zenyewe chujio likitolewa na kurudishwa, nyingine hutaka kitufe kibonyezwe na kushikiliwa.

Mtu wa Mutuini ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini, wakati draya ni mali ya hoteli na ya nyumba za Karen. Yanamhusu kwa njia ya blanketi. Baridi ya Julai ndiyo inayopeleka mablanketi kwa dobi wa mashine, kwa kuwa blanketi lililolowa huivunja kamba na kumshinda hata mama fua, na hakuna kitu kinachomwaga manyoya kama blanketi. Sweta la mtumba, lililokwisha kukaushwa kwa draya miaka kadhaa ng'ambo kabla ya kufika Gikomba, linalifuata kwa karibu. Tena mashine nyingi huja kama hilo sweta, zimeshatumika Uingereza, bila kitabu cha maelekezo. Kitabu kikipotea, maelekezo yaliyobaki ni kile kijipicha cha wavu kinachowaka. Ni maktaba ndogo sana, lakini ina ukurasa ulio muhimu.

Nisikisifu hata kikapata kiburi. Agosti 2016 moto uliunguza fleti katika jengo la ghorofa 18 la Shepherd's Court, London, na wapelelezi wakasema chanzo ni draya. Mtengenezaji wa aina hiyo alikuwa ametangaza tangu 2015 kwamba manyoya yangeweza kugusa kipasha moto ndani ya mashine, na mwaka 2019, kwa shinikizo la serikali, zilizosalia zikaitwa zirudishwe. Kasoro ya namna hiyo iko nyuma ya chujio, na mtu angeweza kutii taa kila siku bila kuigusa. Ndivyo ilivyo pia kwa bomba linalotoa hewa nje. Nyuzi zinazoponyoka hujikusanya kwenye kona zake na kwenye kifuniko cha ukutani, ambako ndege nao hupenda kujenga, na taa inayohesabu mizigo haitasema neno. Hapo ndipo kitambuzi cha hewa kinapostahili bei yake. Asiyekuwa nacho atoke nje mashine ikiwa inazunguka, hata kama ni Julai, aweke kiganja mbele ya tundu. Pumzi ikiwa hafifu wakati chujio ni safi, azime mashine, aichomoe kwenye umeme na kumwita fundi azibue bomba zima.