Zakaria Afaulu Tena
Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa hofu ya kuwapotosha wasichana, kisha ikaja kurejeshwa darasani ili wasichana haohao waonywe nayo. Uhakiki wa kijinsia, yaani usomaji unaouliza nani ana mamlaka juu ya mwili wa nani, ungetarajiwa kuanza na Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye, Rosa, kwa kosa la kuandikiwa barua na mvulana. Lakini baadhi ya wahakiki, ambao yaelekea hawajapata kuishi jirani na mlevi, humpitia kwa sentensi moja, kisha hujaza kurasa wakihesabu wanaume wa Rosa. Kwa usahihishaji wa namna hiyo, Zakaria hafeli kamwe.